Siku Niliyomwambia Kinoti Afute Kumbukumbu

Wawira na Mutethia, vijana wawili mlioachiwa meza yangu, mliniomba ukurasa mmoja wa makabidhiano: nywila ziko wapi, mtambo gani una matatizo, nani wa kupigiwa simu umeme ukipotea. Ukurasa huo niliwapa siku yangu ya mwisho kazini, umepigwa chapa na kutiwa sahihi. Haya ni yale ambayo hayakuenea kwenye ukurasa. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua, na hauna hadithi.

Nilifanya kazi ya mitambo ya mtandao katika hospitali ya misheni yenye makao Meru mjini, tawi Embu, na zahanati huko mashambani: Githongo, Kiirua, Kianjai. Kila mahali penye kompyuta za wagonjwa pana kisanduku cha chuma kinachokaa katikati ya kompyuta hizo na ulimwengu wa nje. Vitabuni kinaitwa firewall. Sisi tulikiita askari, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya askari wa getini: anaangalia anayeingia, anaangalia anayetoka, na anaandika kwenye kitabu chake. Watu hudhani askari huyu hushindwa kazi akivamiwa na wezi wa mtandao. Kwa miaka yangu yote wezi walinisumbua kidogo tu. Kilichonisumbua ni askari kushiba.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Embu nikakae na Mzee Njeru, aliyekuwa fundi wa simu za waya kabla kompyuta hazijamkuta. Nilitoka chuoni na cheti kipya na viatu vipya, na vyote viwili vilikuwa vinanibana. Mzee hakuniuliza habari za cheti. Alinikalisha mbele ya skrini akaniambia nimsomee namba mbili zilizo juu kulia.

"Memori asilimia sitini na mbili, diski arobaini," nikasema.

"Hiyo ni mingi ama ni kidogo?"

"Ni kiasi."

"Kiasi ya nani? Msichana wa Githongo, usiniambie ni ngapi. Niambie jana ilikuwa ngapi."

"Jana sikuwa hapa, Mzee."

"Basi leo hujui kitu. Kuja kesho saa mbili."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilikuwa nimepanda gari kutoka Meru alfajiri, nimevaa sketi ya kanisani, na mtu ananiambia sijui kitu. Lakini kesho yake saa mbili nilirudi, tukaandika namba mbili kwenye daftari kwa kalamu, na kesho kutwa tukaandika tena. Kufikia Ijumaa nilikuwa naona kitu ambacho chuoni hakuna aliyenionyesha: memori ya askari wa Embu hupanda asubuhi wafanyakazi wakiingia, hushuka saa saba wakienda kula, na hupanda tena kidogo. Ilikuwa inapumua. Mzee Njeru alitaka saa mbili na si saa nyingine kwa sababu hiyo. Ukisoma leo saa mbili na kesho saa tano, umelinganisha mtu aliyelala na mtu aliyebeba kuni.

Nyinyi mna michoro ya rangi inayojichora yenyewe, na ninyi ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Lakini niliona Mutethia wiki ile ya mwisho akitazama mchoro mwekundu akaanza kutafuta nywila ya kuzima mtambo. Kwa hiyo acheni nirudie jambo hili polepole.

Memori ni meza ya jikoni. Pale ndipo askari anapokatia mboga, na kazi ikiisha meza hupanguswa. Ukimzima ukamwasha, meza inakuwa tupu, hakuna hasara. Diski ni stoo. Kilichowekwa stoo kinakaa, na humo ndimo kinamokaa kitabu chake, yaani yale yote aliyoyaona getini. Ukimzima na kumwasha mara mia, stoo haipungui hata punje. Kwa hiyo meza kujaa nusu au robo tatu si kitu, mradi imetulia. Stoo kujaa nusu si kitu vilevile, mradi unajua inajaa kwa kasi gani. Cha kuogopwa ni namba inayosogea upande mmoja tu kila siku na hairudi.

Mengine niliyojifunza hayamo katika kitabu chochote. Githongo niliitwa kwa sababu askari alikuwa anapata joto kupita kiasi. Nilipofungua kabati nikakuta mkungu mzima wa ndizi juu yake, umefunikwa gunia vizuri kama mtoto mchanga. Mfanyakazi wa usafi alikuwa amegundua kwamba pale huiva kwa siku mbili. Nilimgombeza, akanipa ndizi nne, nikala mbili palepale. Kiirua, kwa vile baridi ya kule haina adabu, kila asubuhi mtu alikuwa anachomoa plagi ya askari ili achomeke hita. Daftari langu lilionyesha memori ya Kiirua ni safi daima, nami nikawa namsifu askari yule kwenye mikutano. Miezi miwili nilikuwa namsifu mtu anayezimwa kila siku.

Sasa nije kwa kosa langu.

Nyumbani kwetu tuliongea Kimeru. Kiswahili nilikikuta shuleni, tukapendana, nikapata alama ya juu kabisa darasani, na sikuwahi kumwacha mtu yeyote asahau. Makarani wa zahanati walikuwa wanalalamika kwamba maelekezo ya mitambo yote ni ya Kiingereza cha watu wa mbali. Nikajitolea kuwaandikia mwongozo wa Kiswahili, kurasa kumi na mbili, sanifu tupu. Sikutaka maneno ya kuokota. Memori niliiita kumbukumbu, kwa sababu kamusi inasema hivyo. Kile kitabu anachoandika askari kwenye diski nacho nikakiita kumbukumbu, kwa sababu kamusi inasema hivyo pia.

Mzee Njeru alikuwa anakaribia kustaafu. Aliusoma wote, miwani imeshuka puani.

"Hii kumbukumbu ya ukurasa wa tatu na hii ya ukurasa wa tisa ni moja?"

"La, Mzee. Ya tatu ni memori. Ya tisa ni yale askari anaandika. Mtu ataelewa kwa muktadha."

"Muktadha anakaa wapi? Kianjai?"

Nilicheka. Nilimwona mzee wa waya ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni. Mwongozo ukachapishwa, nakala moja kila zahanati, na jina langu nyuma.

Kianjai karani alikuwa Kinoti, mtu mpole, mwandishi wa hati nzuri ajabu, anayepanga mafaili ya wagonjwa kwa namna ambayo hata marehemu wangejipata. Nesi msimamizi alikuwa Nkatha. Alikuwa mkali, haraka, na hakuwa na muda wa mazungumzo. Wawili hao walikuwa wa kijiji kimoja na kanisa moja. Kumbukeni hilo.

Mwaka huo tuliweka toleo jipya la programu kwenye askari wote. Wengine walitulia. Wa Kianjai akaanza kukopa meza bila kupangusa. Kila siku memori yake ilipanda kidogo, na usiku haikurudi ilikotoka. Niliiona. Daftari langu linaonyesha kwamba niliiona: wiki tatu mfululizo nimeandika "itazamwe" pembeni mwa Kianjai, kwa wino wa buluu, mwandiko wangu mwenyewe. Nilitazama kweli. Nilichofanya ni kutazama tu. Nilijiambia memori ya juu haiui mtu, mimi nimeona mengi, nitaenda huko mwisho wa mwezi.

Jumanne moja saa nane mchana Kinoti alinipigia.

"Madam Gakii, kompyuta haziingii. Zile zilikuwa ndani asubuhi ziko sawa, lakini ukitoka huwezi kurudi tena. Na hii taa ya mtandao ni kijani tu."

Nilijua papo hapo. Askari akiishiwa memori hajizimi. Hujilinda: wale waliokwisha kuingia anawaacha, wageni wapya anawakataa, na taa inabaki kijani. Nilikuwa kwenye mkutano, nikasema kwa haraka na kwa Kiswahili changu kizuri.

"Kumbukumbu imejaa. Ifute, halafu uwashe upya. Iko kwenye mwongozo."

"Nifute kumbukumbu yote?"

"Yote."

Baada ya robo saa akanitumia ujumbe kwamba kumekuwa sawa. Nikaandika kwenye daftari: Kianjai, imetatuliwa. Nikaenda kunywa chai.

Alhamisi yake mama mmoja wa Kianjai, Mama Kendi, mjamzito wa miezi saba, alianguka shambani. Damu yake ilikuwa imepungua mno. Aliletwa Meru, akakaa siku tatu watu wakimwombea, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, mdogo wa kutoshea kiganja. Wote wawili walipona, niwaambie mapema, maana mimi mwenyewe sipendi mtu anayenificha jambo kama hilo. Lakini siku hizo tatu hakuna aliyekuwa anajua.

Damu ya Mama Kendi ilikuwa imepimwa kwenye maabara ya Meru, na majibu yalisomeka wazi: aletwe hospitali siku hiyohiyo. Mtu wa maabara alionyesha skrini yake. Majibu yametumwa Kianjai Jumanne saa tatu na nusu asubuhi. Nesi Nkatha akasema hakuyaona, na kwamba alimwambia mama arudi Ijumaa kwa kuwa majibu hayakuwa yamefika. Basi ikawa neno lake dhidi ya skrini. Familia ilitaka kujua nani alilala kazini, na ilikuwa na haki ya kujua. Kamati ya nidhamu iliitwa. Kama ingeamua kwamba Nkatha aliyapata majibu akayapuuza, angepoteza kazi, na huenda leseni yake ya uuguzi pia.

Kamati iliniomba ripoti ya mtandao. Nilikaa Meru nikamfungua askari wa Kianjai kwa mbali, nikatafuta kitabu chake cha Jumanne. Hakikuwepo. Kilianza Jumanne saa nane na dakika kumi. Yote ya kabla yake yalikuwa yamefutwa, na aliyefuta alitumia jina la Kinoti.

Niliandika ripoti yangu kwa hasira. Niliandika kwamba rekodi za siku hiyo zimefutwa kwa mkono, siku ileile, na karani wa zahanati. Sikusema zaidi. Sikuhitaji. Kila mtu alijua Kinoti na Nkatha wanatoka wapi na wanasali wapi. Ripoti hiyo ndiyo iliyomzamisha Nkatha. Kabla yake alikuwa anashukiwa uzembe. Baada yake alikuwa anashukiwa kuficha.

Ni hasira hiyohiyo iliyonipeleka Kianjai Jumatano ya wiki iliyofuata, siku mbili kabla ya kikao. Nilitaka Kinoti aniambie ana kwa ana. Alinikaribisha, akapangusa kiti, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema sikuja kunywa chai.

"Ulifuta rekodi za askari Jumanne ile. Nani alikuambia?"

Alinitazama kama mtu anayesubiri utani uishe.

"Ni wewe, Madam."

"Mimi nilikuambia ufute kumbukumbu."

"Ii. Ndio hiyo nilifuta. Nikakuuliza, yote? Ukasema yote."

"Kumbukumbu, Kinoti. Memori."

"Sasa Madam, kwa mlango yangu imeandikwa nini?"

Niligeuka. Kwenye mlango wa ofisi yake, kwa rangi nyeupe juu ya ubao, kulikuwa na neno moja: KUMBUKUMBU. Ndiyo ofisi ya mafaili ya wagonjwa. Mtu huyu alikuwa ameajiriwa kutunza kumbukumbu, anaitwa karani wa kumbukumbu, amekaa nyuma ya neno hilo maisha yake yote ya kazi. Kisha akatoa mwongozo wangu kwenye droo, akaufungua ukurasa wa tisa, akaniwekea kidole chini ya mstari: kumbukumbu za askari hukaa kwenye diski, zikijaa hufutwa hapa. Alikuwa amefuata hatua zote, moja baada ya nyingine. Halafu akazima na kuwasha, kama nilivyosema, na hiyo ndiyo iliyomponya askari.

"Mimi hata nilishangaa," akasema. "Nikajiambia, hii ni maajabu ingine, mtu wa kumbukumbu anaambiwa afute. Lakini ni wewe ulisema."

Niliona aibu. Sitatafuta neno la kiasi. Nilikuwa nimemshtaki mtu kwa maandishi kwa kunitii.

Nikaomba chai, nikanywa, nikaanza kufikiri kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kitabu cha Kianjai kilikuwa kimekwenda na hakirudi. Lakini majibu yalitoka Meru, na getini Meru kuna askari mwingine, naye anaandika kitabu chake. Alichokiona kikitoka kuelekea Kianjai kingekuwa mle. Nilifungua kompyuta yangu juu ya meza ya Kinoti, nikaingia Meru, nikatazama kwanza namba za juu kulia. Diski ya Meru ilikuwa asilimia tisini na saba.

Askari wa Meru ana watu wengi, na anaandika sana. Tulikuwa tumempangia kwamba stoo ikikaribia kujaa afute cha zamani zaidi ili apate nafasi ya kipya. Hafuti mstari mmoja mmoja. Anafuta faili zima la siku. Nikatafuta faili la zamani zaidi lililobaki. Lilikuwa la Jumanne ile.

Jumatatu ilikuwa imefutwa jana yake. Jumanne ndiyo ilikuwa mkiani, na namba ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu, kwa sababu ilikuwa saa nne na hospitali nzima ilikuwa kazini. Sikuwa na haja ya kumwuliza mtu jana ilikuwa ngapi. Kwa kasi ile, nilihesabu, Jumanne ingefutwa kabla ya saa nane.

Hapa niwaambie nilichofanya kwa mpangilio, maana siku moja mtahitaji. Sikugusa kitufe cha kufuta chochote. Ukiwa na haraka, kufuta ndiyo njia inayojileta yenyewe, na ni namna hiyo niliyofika pale nilipokuwa. Kwanza nilimwambia askari wa Meru aache kuandika mambo madogo, yale ya watu kufungua kurasa za magazeti na kanisa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakula stoo. Namba ikapunguza mwendo. Kisha nikamwondolea ile amri ya kufuta cha zamani, nikijua kwamba diski ikijaa kabisa ataacha kuandika. Nilikubali akose kuandika ya Jumatano ili asifute ya Jumanne. Ndipo nikaanza kunakili faili kuja kwenye kompyuta yangu. Laini ya Kianjai ni nyembamba, na faili lilikuwa nene. Kinoti alikaa nami. Hakuniuliza maswali. Mara mbili alitoka kumwambia mtu aliyekuwa anatazama video kwenye chumba cha dawa aache kwanza.

Saa sita na dakika ishirini faili lilikuwa limeingia lote. Nikanakili mara ya pili kwenye diski ya mkononi, nikamrudishia askari wa Meru amri zake.

Kilichokuwa mle kilikuwa wazi hata kwa mtu asiye fundi. Jumanne, kuanzia saa tatu na nusu, seva ya maabara inabisha hodi Kianjai. Hakuna jibu. Dakika moja baadaye inabisha tena. Hakuna jibu. Ilibisha saa nzima, kisha ikanyamaza, kwa kuwa ndivyo ilivyoundwa, na kwenye skrini ya maabara ikaacha neno "imetumwa". Hakuna aliyewahi kuuliza kama kutumwa na kupokelewa ni jambo moja. Majibu ya Mama Kendi hayakuingia Kianjai. Nkatha hakuyapuuza. Hakuyapata.

Furaha yangu ilidumu kama dakika tano. Ushahidi uliomtoa Nkatha ulikuwa unauliza swali lililofuata: kwa nini Kianjai hakujibu? Na jibu lilikuwa kwenye daftari langu, wiki tatu, wino wa buluu.

Ijumaa, kabla ya kikao, mwenyekiti wa kamati aliniita pembeni. Alikuwa mtu mwema na alinipenda. Akaniambia nakala hiyo inatosha kumwokoa nesi. "Andika tu ilikuwa hitilafu ya mtambo, Gakii. Mitambo huharibika. Hiyo ya daftari haina haja."

Nililifikiria. Sitajifanya sikulifikiria. Lakini hitilafu ya mtambo ingemtoa Nkatha na kumwacha Kinoti na jina la mtu aliyefuta rekodi, na hakuna mtu Kianjai angemwamini tena na faili. Basi nikaingia nikasema yote kwa kufuatana. Kwamba niliona memori ikipanda wiki tatu nikaiandika badala ya kuitibu. Kwamba nilimwambia Kinoti afute kumbukumbu na akafuta kumbukumbu. Kwamba ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na ukweli wa namba na uongo wa maana, na naomba iondolewe kwenye faili zao. Nilisoma kurasa za tatu na tisa kwa sauti. Mtu mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu, alitikisa kichwa kwa huzuni, nadhani ni kwa ajili ya Kiswahili.

Nkatha alirudishwa kazini siku hiyohiyo. Kinoti aliandikiwa barua ya kuombwa radhi, nami niliiandika kwa mkono. Mimi nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Nilikwenda pia kitandani kwa Mama Kendi, kwa sababu niliona si haki asikie habari hizo kwa mtu mwingine. Alinisikiliza, akaniuliza kama askari sasa amepona. Nikamwambia amepona. Akasema sawa, na akanipa kisogo, akamwangalia mtoto.

Nkatha nilimngoja nje, chini ya ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisimama mbele yangu na mkoba wake umebanwa kwapani.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu. Mimi nilikuwa nafikiria nitaambia watoto wangu nini."

"Pole, Nkatha. Pole sana."

"Pole yako sitaki. Mimi nataka kila asubuhi unipigie simu uniambie hiyo kitu iko ngapi. Wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Nikasema sawa.

Toleo lile la programu tuliliondoa wiki iliyofuata. Mwongozo niliukusanya zahanati zote, nikauandika upya: memori ni memori, rekodi ni rekodi, na kamusi ibaki kwenye rafu. Vitabu vya askari wote vikaanza kutumwa kila saa kwenye seva ya pembeni, ndiyo hiyo mliyoikuta, msije mkaizima ili mpate plagi. Na neno "itazamwe" nikaliondoa kazini. Ukiliandika leo, kando yake uandike tarehe ya kwenda na jina la atakayekwenda.

Na kila asubuhi, baada ya kusoma namba, nilimpigia Nkatha. Mwaka wa kwanza alikuwa anasema neno moja, "Haya," na kukata. Sikulalamika. Nilisema memori ngapi, diski ngapi, jana ilikuwa ngapi, naye anasema haya. Siku moja aliongeza kwamba mvua imenyesha. Baadaye nikajua binti yake amejiunga na chuo cha uuguzi, na kwamba goti lake la kushoto linamsumbua. Nikienda likizo nilipiga kutoka nyumbani. Tulikuwa tumeshakuwa watu wazima wawili tunaosomeana asilimia. Lile la Jumanne hatukulitaja tena, na hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe. Sikumwuliza, kwa sababu sikuwa na haki ya kumwuliza.

Siku yangu ya mwisho nilimpigia kama kawaida. Memori hamsini na nane, diski thelathini na moja, jana vivyo hivyo. Kisha nikamwambia kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa anapigiwa na Wawira, ni msichana mzuri, anajua kazi.

"Wawira aniletee namba, sawa," akasema. "Lakini wewe pia piga. Si lazima uwe na namba."